Shajara ya mradi: hati za kuanzisha nchi, mbili mbili, Gredi ya 8

Wiki ya kwanza, muhula wa pili

Mradi wenyewe ni huu: Gredi ya 8 wasome hati zilizoianzisha nchi yetu na zile zilizoibadilisha, wazichambue wao wenyewe kabla mwalimu hajafungua mdomo kueleza. Tuna vipindi vichache vya Masomo ya Jamii na saa ya klabu Ijumaa jioni. Shule ni ya umma, huku Eastlands, na darasa limejaa mpaka dawati la mwisho linagusa ukuta.

Watoto hawa wanaijia Katiba kwa njia mbili. Kuna wanaoikariri: sura 18, vifungu 264, kaunti 47, basi, kazi imekwisha. Halafu kuna waliosikia nyumbani kwamba ni karatasi tu, wakubwa hufanya wanavyotaka. Niliwauliza wote swali moja, ni nani kati yao amewahi kuifungua, na wakariri na wapuuzaji wakatazamana.

Nimeamua kwamba hakuna hati itakayoingia darasani peke yake. Hati moja ni kama simu inayopigwa ndani ya matatu: unamsikia abiria aliye kando yako tu, na wa upande wa pili huna budi kumkisia. Kwa hiyo kila hati itakuja na mwenzake, ama iliyoitangulia ikaikera, ama iliyokuja baadaye kuijibu. Kwenye karatasi ya manila juu ya ubao nimeandika maswali manne: Nani anaongea? Nani aliandika? Inajibu nini? Nani hakuwepo?

Swali la "inasema nini" sijaliandika makusudi. Ukimpa mtoto wa Gredi ya 8 swali hilo, atanakili mstari wa kwanza kwa mwandiko mzuri, aweke kalamu chini.

Jozi ya kwanza: 1904 na 1911

Nimeanza na mikataba ya Wamaasai na Waingereza, na mwenzangu wa historia alinishangaa. Mbona usianze na uhuru? Nikamwambia mikataba hii ni mifupi, na ina hila ambayo hata mtoto anaweza kuikamata.

Maandishi ni ya Kiingereza cha kiserikali. Mwalimu wa Kiswahili alinisaidia kuyaweka katika lugha inayosomeka, na nakala ya asili tukaibandika ubavuni kwa yeyote anayetaka kuhakikisha. Kijana wa saiba pale steji alinitolea kopi kwa bei ya huruma, ingawa mashine yake inachora mistari myeusi katikati ya kila ukurasa.

Katika ule wa 1904 wanaoongea ni viongozi wa Wamaasai, Olonana akiwa miongoni mwao, mbele ya Kamishna Sir Donald Stewart. Wanasema kwamba kwa hiari yao wenyewe wameona ni heri kwao kuwahamisha watu na mifugo yao hadi maeneo yaliyotengwa, mbali na reli na mbali na ardhi yoyote itakayofunguliwa kwa walowezi wa Kizungu. Moja ya maeneo hayo ni Laikipia. Makubaliano yatadumu maadamu Wamaasai wapo duniani.

Kimya kidogo. Kisha msichana wa safu ya kati: "Mwalimu, kama ni hiari, mbona inabidi waandike ni hiari?"

Mwingine akadakia: "Mimi nikitumwa duka siandiki nimeenda kwa hiari."

Kicheko, lakini nilijua tumeingia ndani. Swali la kwanza na la pili kwenye manila yakatengana hapo hapo bila mimi kusema neno. Wanaoongea ni wazee wa Kimaasai, lakini hati iko kwa Kiingereza, na inajua mapema kabisa kwamba kuna ardhi itakayofunguliwa kwa Wazungu. Kikundi cha dirishani kiliandika: "Sauti ni ya Olonana, kalamu ni ya serikali." Nimeinakili jinsi ilivyo.

Ndipo nikawapa ya 1911, inayowaondoa Wamaasai wa kaskazini kutoka Laikipia hiyo hiyo na kuwapeleka kusini. Walihesabu wenyewe: maadamu Wamaasai wapo duniani imegeuka kuwa miaka 7.

Nikaongeza habari ya kesi. Wamaasai walikwenda mahakamani, na mwaka 1913 wakashindwa kwa sababu mahakama ilisema haya ni makubaliano kati ya dola na dola, kwa hiyo mahakama haina uwezo wa kuyasikiliza. Mvulana mmoja ambaye kwa kawaida huja shuleni kwa ajili ya mpira alisimama: "Kwa hivyo walikuwa nchi siku ya kushtaki, lakini siku ya kuhamishwa hawakuwa nchi?" Nimefundisha walimu wanafunzi ambao hawangeuliza hivyo.

Jozi ya ardhi

Hii ilikwenda haraka. Sheria ya Ardhi ya Mfalme ya 1902 iliruhusu walowezi kukodishwa ardhi hadi miaka 99. Ile ya 1915 ikavuta hadi miaka 999. Upande wa pili nikaweka Kifungu cha 61 cha Katiba ya 2010, kinachosema ardhi yote ya Kenya ni ya Wakenya, kwa pamoja kama taifa, kama jamii na kama watu binafsi, na Kifungu cha 65, ambacho kinamzuia asiye raia kushika ardhi ya Kenya kwa zaidi ya miaka 99 ya kukodi.

Kazi ikawa hesabu. Aliyepewa ardhi 1915 kwa miaka 999 angeirudisha 2914. Darasa likapiga mluzi. Swali la tatu, "inajibu nini", walilijaza wenyewe: walisema hakuna mtu angejisumbua kuandika 99 ndani ya Katiba kama hakukuwa na mtu aliyewahi kuandika 999. Ni kweli, na wala sikuhitaji kueleza Nyanda za Juu za Wazungu, ardhi iliyotengewa walowezi, kwa dakika arobaini kama nilivyopanga.

Juni, baada ya Madaraka Dei: nani alitupa katiba?

Hapa tulikaa zaidi ya nilivyopanga, na sijutii.

Jozi: mwanzo wa katiba ya uhuru ya 1963 na utangulizi wa ile ya 2010. Ya 2010 inaanza na sisi, watu wa Kenya. Inamtaja Mungu, inawaenzi waliopigania uhuru, inajivunia tofauti zetu, na mwishoni inasema tumeshiriki kikamilifu kuitunga na tunajipa sisi wenyewe na vizazi vijavyo. Ya 1963, ukiitafuta mahali inapoanzia, unaikuta imeambatishwa kwenye amri ya Malkia wa Uingereza akiwa na Baraza lake. Anayeongea pale ni Malkia.

Hawakuniamini. Mmoja alisema labda nimetoa kopi ya nchi nyingine. Nikawaonyesha tarehe. Nikawaambia pia kwamba tangu 12 Desemba 1963 hadi 12 Desemba 1964 mkuu wa nchi ya Kenya alikuwa bado ni Malkia Elizabeth, akiwakilishwa na Gavana Mkuu Malcolm MacDonald, na Kenyatta alikuwa Waziri Mkuu. Jamhuri ilikuja mwaka mmoja baadaye, siku hiyo hiyo ya mwezi, ndiyo maana sikukuu inaitwa Jamhuri Dei. Wamekuwa wakiisherehekea tangu chekechea.

"Sasa bendera ilipandishwa ya nini?" Swali zuri. Ilipandishwa Uhuru Gardens, Lang'ata, na Prince Philip alikuwepo kumwakilisha mkewe. Uhuru ulikuwa wa kweli. Ila karatasi yake ilipitia London, na makubaliano yaliyoizaa yalifanywa katika mikutano ya Lancaster House ya 1960, 1962 na 1963. Swali la nne, la nani hakuwepo, lilipata jibu lake hapa: mwaka 1962 ujumbe wa Waafrika ulikuwa na mwanamke mmoja tu, Priscilla Abwao. Wasichana waliandika jina lake kwa herufi kubwa. Wavulana wawili walidai kwamba afadhali mmoja kuliko hakuna, na mjadala uliofuata sikuuzima hadi kengele ilipolia.

Halafu nikageuza kibao, maana nilihisi wanaanza kuiona ya 1963 mbaya na ya 2010 nzuri, mambo yameisha. Katiba ya 1963 ilikuwa na majimbo saba, Nairobi kando, na Seneti ya watu 41, kila wilaya na wake. Seneti hiyo ikafutwa ndani ya miaka michache, na majimbo yakanyang'anywa nguvu mapema zaidi. Leo tuna kaunti 47 na Seneti tena. Je, aliyeandika 2010 anamjibu Malkia, au anawajibu waliobomoa ya Malkia? Waligawanyika nusu kwa nusu, na mimi pia sina hakika kwamba jibu ni moja.

Kazi ya nyumbani: utangulizi unadai tulishiriki kikamilifu. Nendeni mkawaulize wakubwa.

Majibu yalikuwa matamu. Kura ya maamuzi ilipigwa 4 Agosti 2010, kijani kwa ndiyo na nyekundu kwa hapana, na ndiyo ikashinda kwa takriban asilimia 67. Kuna mama aliyesimama kwenye foleni na mtoto mgongoni. Kuna baba aliyekuwa Dubai. Kuna shosho aliyepiga kura bila kusoma hata ukurasa, kwa sababu pasta alishasema, na alipoulizwa pasta alisema nini hakukumbuka. Mjomba wa mmoja alikuwa na miaka 17 na bado ana hasira.

Kisha ikaja hii kuhusu babu, kutoka kwa mtoto mpole wa dawati la nyuma: "Guka wangu alipiga nyekundu. Yeye yumo ndani ya hiyo 'sisi'?"

Sikujibu. Niliiandika ubaoni na tukaiacha hapo hadi kipindi kilichofuata, na mwalimu wa Hisabati aliyeingia baada yangu akakataa kuifuta. Wapo waliosema yumo, kwa sababu Katiba inamlinda hata kama hakuitaka. Wapo waliosema hayumo, kwa sababu sentensi inasema "tunajipa" na yeye hakujipa kitu. Mwenye guka wake alirudi na jibu la guka mwenyewe: anasema yumo, kwa sababu hakuna aliyemfukuza.

Juni, mwisho

Mji umejaa wasiwasi wa maandamano kama ilivyo kila Juni tangu 2024. Kifungu cha 37 wanakijua kwa namba, wamekitoa TikTok. Walichokuwa hawakijui ni kwamba kinataja kukusanyika kwa amani na bila silaha, na kwamba kinaruhusu pia kupeleka maombi kwa mamlaka za umma. Tulikisoma chote, polepole. Ofisi ilitaka kujua kama nafundisha siasa. Nilipeleka Katiba na karatasi ya maswali manne, nikaambiwa niendelee ila madirisha yafungwe. Sikuelewa madirisha yanahusiana nini na jambo hili.

Julai: kwa nini tusome hati za Marekani?

Swali hili liliulizwa na wanafunzi, na ni haki yao. Jibu langu lilikuwa mtu mmoja. Mwanzoni mwa 1960, kwa mwaliko wa mwanasiasa Tom Mboya, wakili Mmarekani Mweusi Thurgood Marshall alikuwa mshauri wa wajumbe Waafrika Lancaster House. Ndiye aliyeshinda kesi ya 1954 iliyoharamisha ubaguzi wa rangi katika shule za umma za Marekani. Aliandika rasimu ya haki za msingi kwa ajili ya Kenya, ikiwalinda walio wachache, na wachache hao ni pamoja na Wazungu na mali zao.

"Amlinde mzungu kwa nini?" Niliwarudisha kwenye hati za kwao Marshall. Katiba ya Marekani ya 1787 inaanza na sisi watu, na bado ndani yake watumwa walihesabiwa kama tatu ya tano ya idadi yao katika kugawa viti vya Bunge, bila neno mtumwa kuandikwa popote. Mtu ambaye mababu zake walihesabiwa kwa sehemu anajua wengi wanaweza kumfanya nini mchache. Nadhani hiyo ndiyo sababu, ingawa darasa lilinidai ushahidi, na nilifurahi kudaiwa.

Tamko la Uhuru la 1776 tulilisoma kwa jozi ya ajabu: rasimu na toleo la mwisho. Katika rasimu, Thomas Jefferson alimlaumu Mfalme George wa Tatu kwa biashara ya watumwa. Bunge lao likafuta sehemu hiyo. Jefferson mwenyewe alimiliki watumwa. Ilichukua dakika chache tu kwa mtu kusema kwamba aliyefuta na aliyeandika wote walikuwa na sababu za kufurahi ilipofutwa.

Safari ya Nyaraka za Taifa

Jengo la Moi Avenue, lililokuwa benki ya India zamani. Walipagawa na mkusanyiko wa Joseph Murumbi wa ghorofa ya chini, vinyago hasa, na hati hawakuzitazama sana. Sawa. Nauli ilitosha, hakuna aliyepotea.

Mtihani wa jozi wasioijua

Niliwapa sentensi mbili bila maelezo. Ya kwanza, kifungu cha 2A kilichoingizwa katika katiba ya zamani Juni 1982: Kenya itakuwa na chama kimoja tu cha siasa, KANU. Ya pili, Kifungu cha 4 cha 2010, kwamba Jamhuri ya Kenya ni nchi ya kidemokrasia ya vyama vingi. Nikaongeza habari moja: tangu chama cha upinzani cha KPU kipigwe marufuku 1969, nchi ilikuwa na chama kimoja tayari, kwa vitendo.

Baadhi walinakili, kama kawaida. Kuna kundi lililoanza kushuku kila kitu, likaandika kwamba hati zote ni uongo wa serikali, na hilo linanisumbua kuliko wanakili. Mtu anayeshuku kila mstari kwa kiasi kile kile hajasoma mstari wowote. Nimewarudishia karatasi na agizo la kuonyesha ni neno gani hasa linalowatia shaka.

Lakini karatasi kadhaa zilikuwa na hili, kwa maneno tofauti: kama chama kilikuwa kimoja tayari, kuandika sheria 1982 kunaonyesha kwamba kuna mtu alitaka kuanzisha cha pili. Hawakujua habari za wanasiasa Jaramogi Oginga Odinga na George Anyona, waliokuwa wakijiandaa kuanzisha chama mwaka huo huo. Walimwona mtu huyo kupitia sheria iliyoandikwa kumzuia. Yule msichana wa "mbona inabidi waandike ni hiari" alitumia hoja yake ile ile, akaitaja kwa jina: "kama mkataba wa 1904".

Nilipowasomea majina ya hao wawili, darasa lilishangilia kana kwamba timu ya Gor Mahia imefunga bao. Kifungu hicho kiliondolewa Desemba 1991, nikawaambia, na Kamukunji, ambako watu walikwenda kukutana Saba Saba ya 1990 kudai vyama vingi, ni mwendo mfupi wa matatu kutoka hapa.

Wiki za mwisho: hati yao

Sasa waandike ya kwao: mkataba wa darasa. Zamu za kufagia, mpira mmoja kwa mikondo miwili, nani anakaa dirishani mvua ikinyesha.

Wasichana watatu wenye mwandiko mzuri walichaguliwa kuandika, na kufikia Ijumaa dirisha lilikuwa la kwao. Hakuna aliyehitaji kukumbushwa swali la pili la manila. Rasimu ilirudishwa, wakaongezwa waandishi wawili kutoka nyuma. Kura ilipigwa na ikapita, ila kundi la mpira lilikataa na likataka mwanzo usomeke "Sisi, wengi wa Gredi ya 8". Mabishano makali. Mtoto wa yule guka ndiye aliyependekeza njia: neno "sisi" libaki, lakini mara tu baada yake iandikwe kwamba tulipiga kura, si wote waliokubali, na waliokataa wanaweza kuleta mabadiliko wakipata sahihi za robo ya darasa. Walisoma kwamba kubadilisha Katiba kwa njia ya wananchi kunahitaji sahihi milioni moja, wakaona robo ni nafuu.

Kundi la mpira tayari linakusanya.

Kwa muhula wa tatu naongeza Waraka wa Devonshire wa 1923, uliosema maslahi ya Waafrika yatatangulia, ilhali Mwafrika hakuwa na kiti kwenye mazungumzo yale na aliyewasemea London alikuwa mmishonari. Mwenzake nitauweka mwaka 1922, maandamano ya kudai Harry Thuku aachiliwe, ingawa hapo hati za kusoma ni chache na itabidi tutafute magazeti. Safari ya Nyaraka nitaifanya baada ya jozi tatu, si kabla. Na kopi nitatolea saiba nyingine.